Kumpokea Asiyekuja

Ijumaa wenzetu huwapeleka wana wao ufukweni Qurum,
au kwenye maduka yenye theluji ya kutengenezwa
na papa wanaozunguka nyuma ya kioo.
Sisi, mwezi wa Agosti, digrii arobaini na sita,
usukani naushika kwa ncha ya mtandio,
huenda uwanja wa ndege
kumpokea asiyekuja.

Fikra ya Thuweiba hiyo, alipokuwa na miaka sita:
"Mama, kule kuna baridi ya bure."
Na kweli. Baridi ya serikali, haisomwi mita.
Nalipa maegesho,
na chai ya maziwa ya njiani, baisa mia mia,
tunaitia katika chupa isipoe.

Tunakaa viti vya chuma, mkabala na ule mlango
unaofunguka wenyewe, kama mdomo wa mtu
aliyekumbuka neno, kisha likampotea.

Mchezo una sheria. Mundhir kazitunga:
anayelia kabla hajakumbatiwa, pointi tano;
anayekumbatiwa na zaidi ya wanne, kumi;
mwenye sanduku la kufungwa kamba ya katani, kumi na tano,
kwani huyo, anasema, kabeba vya kuliwa.
Yupo bwana alisimama na maua saa nzima,
mwisho akaanza kuyatafuna majani.
Tulibishana sana. Tukampa saba.

Ghanima, kitinda mimba, hajui kuhesabu.
Yeye hupungia tu, kila mtu:
mafundi wa Kerala wenye fulana za rangi moja,
mabibi wanaorudi Umra na madumu yao ya Zamzam.
Siku rubani alipompungia naye,
nyumba nzima hatukulala.

Wiki iliyopita wakabuni kibao.
Kifuniko cha boksi la viatu, kalamu ya kijani:
BIBI KESHO.
"Nani huyo?" niliuliza.
"Hatumjui. Ndiyo maana tumemfuata."

Waliojua Kiswahili walicheka.
Mlinzi alikuja, akatazama, akaondoka akijikuna kidevu.
Ndipo akatoka dada mmoja, peke yake,
baibui jipya, mikunjo ya pakiti haijaondoka,
akakisoma kibao kwa midomo, polepole,
akasema, "Mimi naitwa Tatu.
Lakini kama huyo Kesho hajafika..."
Sauti ikamkatikia hapo.

Mtu mzima pale nilikuwa mimi, na sikuwa na neno.
Ghanima akamshika kidole.
Mundhir akasahau pointi.
Thuweiba akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
akamwuliza kwao wapi. Handeni.
Na huko kuna joto kama hili?
Lipo, akasema, ila la kule lina kivuli.

Dakika kumi na mbili, labda.
Nikamwandikia namba yangu nyuma ya risiti:
hata ukitaka kusema tu.
Halafu akaja dereva na karatasi,
jina lake limeandikwa kwa makosa,
na Tatu akalifuata lile jina.

Garini hakuna aliyegusa redio.
Kwenye mataa ya Azaiba Ghanima akauliza,
"Kesho ndiye yule?"
"Siye. Yule Tatu."
"Tatu ni ngapi?"
Thuweiba akamwonyesha kwa vidole,
naye akakishika kimoja, hakukiachia
mpaka tukafika Mabela.

Kibao kimebaki dirisha la nyuma,
jua linakula kijani chake.
Ikiita namba ngeni siku hizi
wote watatu wananyamaza, hata wakiwa wanapigana.
Jana alikuwa mtu wa maji.
Anauliza kama tuna mitungi mitupu.